Je, Ni Aibu Kufurahia Filamu Inayochekwa na Wenye Elimu?

Liko swali moja ambalo kila siku twalipita kama mtu apitavyo kisiki cha njiani, asikitazame mpaka siku kimkwaapo. Swali lenyewe ni hili: mtu akifurahia kitu, kisha wenye elimu ya kitu hicho wakanena ya kuwa ni kibaya, je, yampasa aone haya kwa furaha yake? Na tena, wakubwa wa kazi fulani wakikipa kitu tuzo, je, yatupasa tukipende kwa kuwa wamekitukuza? Nataka kulipima swali hili kwa habari ya filamu, kwa sababu hapa kwetu Dutumi kisiki hicho kilinikwaa mimi mwenyewe, nami nikaanguka mbele ya mtoto.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, njia zimekauka na kazi za shamba zimepungua. Kijana mmoja akaja kutoka Mlandizi, amechukua jenereta, na mashine ya kuonyeshea picha, na shuka jeupe. Shuka akalitundika baina ya mikorosho miwili, na jua lilipokuchwa watu walikuwa wamekwisha kukaa, wengine juu ya mikeka, wengine juu ya ndoo zilizofudikizwa. Filamu aliyotuletea ilikuwa ya zamani, ni ile Rambo ya pili, iliyotolewa Marekani mwezi wa Mei 1985. Maneno ya Kiingereza yalisikika kwa mbali tu. Juu yake ilikuwapo sauti ya mtafsiri, aliyetueleza kila jambo kwa Kiswahili na kutia chumvi yake, kama walivyozoea kufanya watu wa kazi hiyo, ambao katika mji wa Dar es Salaam mmoja wao alijulikana sana kwa jina la Lufufu.

Habari ya filamu ile ni fupi. Askari mmoja anatolewa gerezani, anapelekwa Vietnam, nchi aliyopigana zamani, ili akatazame kama wako wenzake waliobaki huko katika hali ya mateka. Ameagizwa apige picha tu, asimguse mtu. Anawakuta, anamtoa mmoja, lakini mkubwa wa safari ile anaamuru helikopta iwaache wote wawili mikononi mwa adui. Anateswa, anatoroka, mwanamke wa nchi ile aliyemsaidia anauawa, na mwisho yeye anawarudisha wenzake wote. Katikati ya mambo hayo risasi ni nyingi kama mvua ya masika, na adui zake huanguka kwa makumi, naye mwenyewe hapatwi ila kidogo.

Basi tulipiga makelele. Watoto waliruka, akina mama walijishika vichwa, nami mwalimu wao nilisimama juu ya kiti nikapaza sauti kuwapita wanafunzi wangu. Alikuwako pia mzee mmoja wa kijiji, ambaye alikwenda vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Muda wote alikaa kimya. Lakini helikopta ilipotua na wale mateka wakaanza kushuka, alisimama wima, akaivua kofia yake akaishika kifuani, wala hakusema neno.

Kesho yake akafika mgeni kutoka mjini, mtu aliyesoma sana, akanikuta penye baraza ya shule. Alikuwa amesikia kelele zetu usiku, akaniuliza tulikuwa tukitazama nini. Nilipomtajia akacheka kwa pua, akasema, "Mambo hayo bado yapo?" Nami nikacheka pamoja naye, nikamjibu, "Upuuzi mtupu, bwana. Sisi twawaachia watoto." Wakati ule msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa akipanga madaftari mlangoni. Mgeni alipokwenda zake, akaja akasimama mbele yangu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Jana usiku ulikuwa ukitudanganya sisi, au leo ulikuwa ukimdanganya mgeni?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimelifikiri neno hili, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza yafaa tujue filamu za namna hii zimetoka wapi. Katika Marekani shule hufungwa miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo kwao ni miezi ya joto. Tarehe 20 Juni 1975 ilitolewa filamu iitwayo Jaws, yaani habari ya papa mkubwa alaye watu katika mji mmoja wa pwani. Zamani filamu kubwa mara nyingi zilianza katika majumba machache ya miji mikubwa, kisha zikaenea polepole. Lakini hii ilionyeshwa katika majumba zaidi ya 400 siku moja, baada ya kutangazwa sana kwa televisheni, na fedha iliyopatikana iliwashangaza hata wenyewe. Tangu hapo matajiri wa filamu wakajua ya kuwa miezi ile ya joto ni mavuno yao. Kila mwaka hutoa filamu zenye mshindo, za vita, mbio za magari, mazimwi na mashujaa warukao angani, na ngoma ya matangazo hupigwa mpaka isikike dunia nzima.

Wahakiki, yaani watu ambao kazi yao ni kuzipima filamu na kuandika magazetini, wana neno juu ya filamu hizo, wala neno lao si bure. Wasema kwamba hadithi ni ile ile iliyobadilishwa nguo. Wasema kwamba mshindo huficha udhaifu, kama mpishi aliyeunguza mchuzi azidishapo pilipili. Wasema tena kwamba mtu akizoea kelele, masikio yake hupoteza nguvu ya kusikia sauti ndogo. Nasi wahenga wetu walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini natuangalie jinsi hukumu zilivyotolewa juu ya ile Rambo yenyewe. Katika mapato ya Marekani ilikuwa ya pili miongoni mwa filamu zote za mwaka 1985. Hata hivyo mwezi wa Machi 1986 ilipewa tuzo ya mzaha, ambayo hupewa filamu inayohesabiwa kuwa mbaya kuliko zote za mwaka. Na mwezi ule ule tuzo ya Oscar ya filamu bora ilipewa Out of Africa, ambayo ilipigwa picha katika nchi jirani yetu ya Kenya, ikapata Oscar 7 kwa jumla. Basi kwa hesabu ya mwezi mmoja tuliambiwa lililo baya kabisa na lililo bora kabisa.

Mimi Out of Africa nimeiona, na siwezi kusema ni mbaya. Vilima vya Ngong vinavyoonekana mle vyapendeza macho, na wachezaji wake ni mafundi. Lakini ni habari ya bibi mmoja wa Denmark, na shamba lake la kahawa, na mpenzi wake Mwingereza. Wenye nchi wenyewe twawaona zaidi wakiwa watumishi na vibarua, wakingoja nyuma ya kiti. Mtu wa Afrika Mashariki akiitazama ana haki ya kuuliza, "Nasi tulifikiri nini siku zile?" wala filamu haimjibu sana. Waliotoa tuzo walipima yale waliyoyaona kutoka mahali walipokaa. Sisemi walikosa. Nasema kila mwamuzi ana mahali alipokaa, na jambo hili tusilisahau tunaposikia hukumu yake, ingawa ni mtu wa elimu nyingi.

Tena waamuzi hubadili neno lao. Mwaka ule ule wa 1975, tarehe 15 Agosti, Wahindi walitoa filamu iitwayo Sholay, ambayo wazee wengi wa miji yetu ya pwani bado wakumbuka habari za wale marafiki wawili na yule haramia Gabbar Singh. Mwanzoni wahakiki wengi wa India waliidharau, na siku za kwanza watazamaji hawakuwa wengi. Kisha watu wakaambiana mmoja kwa mmoja, hata ikaendelea kuonyeshwa katika jumba moja la Bombay kwa miaka zaidi ya 5. Katika tuzo za Filmfare za wakati ule ilipata moja tu, ya mtu aliyeviunganisha vipande vya filamu. Lakini mwaka 2005 tuzo zile zile za Filmfare ziliitangaza kuwa filamu bora ya miaka 50. Kama mtu aliifurahia Sholay mwaka 1975 akaona haya kwa sababu ya magazeti, je, alitakiwa kungoja miaka 30 ndipo apewe ruhusa ya kufurahi?

Na hapa kwetu liko jambo la zamani linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1935 ulianza mradi wa filamu kwa ajili ya Waafrika, makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, nao ulikwisha mwaka 1937. Watu wa misheni walikuwamo katika shauri lile, na fedha nyingi ilitoka Marekani. Walitengeneza filamu za mafunzo: juu ya kuweka akiba katika benki ya posta, juu ya safura, juu ya kodi na kilimo. Wakazichukua kwa gari, wakazionyesha katika Tanganyika na nchi za jirani. Nia yao ilikuwa njema, wala hapana mtu mwenye akili atakayecheka mafundisho ya kujikinga na safura. Lakini waliochagua yatufaayo ni wale walioshika mashine, na watu waliokaa mbele ya kitambaa waliulizwa maoni yao baadaye. Na wakati ule ule katika miji ya Zanzibar na Dar es Salaam watu walikuwa wakilipa fedha yao wenyewe kwenda kutazama picha za Kihindi na za Kimarekani, kwa kuwa walizitaka. Hapo yaonekana ya kuwa furaha ya mtu ni kama njaa yake. Waweza kumfundisha chakula kipi kinajenga mwili, lakini huwezi kumwambia kwamba hakuona utamu aliouona.

Je, basi tuseme ya kuwa wengi hawakosi? Wahenga walinena, "Wengi wape." Lakini walinena pia kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Tazameni habari za filamu zetu wenyewe, zile ziitwazo Bongo Movie. Kwa miaka mingi wasomi wetu walizicheka: sauti haisikiki, hadithi zimeigwa kwa Wanaijeria, filamu moja hukatwa vipande viwili ili iuzwe mara mbili. Kisha tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba akafariki katika mji wa Dar es Salaam, naye hajatimiza miaka 30. Siku ya maziko yake maelfu kwa maelfu ya watu walijaa, hata wengine walizimia kwa wingi wa watu na kwa huzuni, na wakubwa wa serikali walikuwa miongoni mwa waombolezaji. Waliokuwa wakicheka walistaajabu, maana hawakujua kwamba mtu waliyemdharau alikuwa ameingia katika nyumba nyingi namna ile, akakaa barazani na kula na watu.

Machozi yale yalithibitisha jambo moja, kwamba alipendwa, na upendo ule haukuwa wa uongo. Lakini hayakuthibitisha kwamba sauti ya filamu zile ilisikika vizuri. Mhakiki aliyesema sauti ni mbaya alisema kweli, na mama aliyelia alilia kweli, wala hapana ugomvi kati yao, ila pale mmoja atakapo kuchukua ushahidi wa mwenziwe. Mhakiki hawezi kuniambia ya kuwa sikuguswa. Nami siwezi kumwambia ya kuwa mlango haukupinda kwa sababu tu naipenda nyumba.

Haya sikuyajua siku ile msichana aliponiuliza. Niliyajua jioni yake, nilipokwenda kwa yule mzee wa vita vya Kagera. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake ameshika tezo, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamweleza yote, jinsi mgeni alivyocheka, na jinsi nilivyomkubalia, na swali la mtoto. Akatabasamu. Akaniambia, "Mgeni wako kasema kweli. Risasi haziendi vile. Na mtu akipigwa haanguki vile kama gunia lililotupwa. Ana sauti yake, tena humwita mama yake kwa lugha yake. Waliotengeneza picha ile labda hawakuiona vita, au waliiona wakaogopa kuionyesha."

Nikamwuliza, "Mbona basi ulisimama ukavua kofia?"

Akanyamaza, tezo likaenda taratibu. Kisha akasema, "Sikusimama kwa ajili ya risasi. Nilisimama kwa sababu yule alirudi kuwachukua wenzake. Sisi tulikuwa na mwenzetu mmoja hakurudi. Mama yake alikuwa akiniuliza habari zake kila tulipokutana, mpaka alipokufa yule mama. Nilipoona wale wanashuka, nikasema, haya, angalau katika picha wamerudi."

Wasomaji wapenzi, mzee yule hakusoma sana, wala hajapata kuandika gazetini. Lakini katika maneno machache alikuwa mhakiki mkali kuliko mgeni wangu, na mtazamaji mwenye moyo kuliko mimi niliyepanda juu ya kiti. Aliijua filamu ile mahali inapodanganya, akajua na mahali inaposema kweli, naye aliweza kuyataja yote mawili bila kuona haya. Mimi usiku nilisema kweli kwa kelele zangu, na asubuhi nikaikana furaha yangu ili nihesabiwe kuwa mtu wa elimu.

Nimefahamu sasa ya kuwa ubaya wa uongo ule ulikuwa mara tatu. Kwanza nilimnyima mgeni nafasi ya kujifunza, maana kama ningemwambia, "Niliifurahia, na sababu zangu ni hizi," labda angejibu kwa hoja, na sote wawili tungepata faida. Pili niliwasaliti jirani zangu, ambao usiku tulifurahi pamoja, nikawafanya kuwa watoto mbele ya mtu wa mbali. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, nilimfundisha msichana yule somo ambalo halimo katika kitabu: ya kwamba kusoma ni kujifunza kuonea haya mambo yanayotufurahisha. Mtoto akilishika somo hilo, atapita shule zote akiwa amevaa sura ya bandia, na mwisho hatajua yeye mwenyewe apenda nini.

Lakini mtu asinishike vibaya. Sisemi kila furaha ni njema kwa kuwa ni furaha. Siku ile tulipokuwa tukipiga kelele, kelele nyingine zilikuwa za kushangilia watu waanguke. Wale wa filamu ni adui wa mchezo tu, lakini walipewa sura za watu wa nchi iliyo hai, wenye mama zao kama alivyosema mzee. Furaha ya namna hiyo yafaa kuitazama mara mbili. Kinachotakiwa kupimwa ni hiki: nilikuwa nikifurahia nini? Kama nilifurahia mtu kurudi kwa ajili ya mwenziwe, nisione haya hata mbele ya wahakiki 100. Kama nilifurahia jinsi watu wanavyokufa kama panzi, basi hata filamu ikipewa tuzo zote za dunia, mimi bado nina hesabu na moyo wangu. Hapo ndipo mhakiki mwema anaponifaa, kwa kuwa hunishika mkono akaniambia, "Angalia tena pale."

Imebaki habari ya tuzo. Tuzo za Oscar zilitolewa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1929, na wanaopiga kura ni watu wa kazi hiyo hiyo ya filamu. Kwa hiyo tuzo ile ni sifa ya fundi kwa fundi. Seremala humsifu seremala mwenziwe kwa kiungo ambacho mwenye nyumba hakioni, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mwenye nyumba akipenda kukaa chini ya mwembe, seremala hana la kumlaumu. Mwezi wa Agosti 2018 wakubwa wa Oscar walitangaza ya kuwa wataanza tuzo mpya kwa ajili ya filamu zinazopendwa na wengi. Watu wakapiga kelele, na mwezi uliofuata shauri lile likaahirishwa.

Mimi naona ilikuwa vema likaahirishwa. Filamu yenye mshindo imekwisha kupata ujira wake. Watu wameilipa kwa fedha yao, kwa vicheko vyao, na kwa kuikumbuka. Haiombi taa, maana inang'aa kwa taa zake. Lakini ziko filamu zisizo na ngoma. Kizuri chajiuza, twasema, ila sokoni penye kelele nyingi kizuri kisicho na sauti chaweza kukaa mpaka jioni kisinunuliwe. Huko ndiko kazi bora ya tuzo ilipo. Tangu mwaka 1998 Zanzibar hufanya tamasha la filamu za nchi nyingi, ambalo tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu, na mara nyingi limefanywa katika miezi ile ile ya Juni na Julai ambayo ngoma ya Marekani hulia kwa nguvu. Hapo filamu za watu wasio na fedha ya matangazo hupata kuonekana. Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji, Vuta N'Kuvute, iliyotoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto. Nakiri kwamba nisingalikuwa na hamu ya kuitafuta kama nisingalisikia ya kuwa imepewa heshima huko. Niliitafuta, nikaiona, nikafurahi kwa furaha nyingine, tulivu, isiyonisimamisha juu ya kiti. Heshima ile ilikuwa kama mtu anayesimama njia panda na taa, asiyemlazimisha mtu kupita, ila huonyesha kwamba iko njia.

Bali watengenezaji nao wajihadhari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wako wanaotia maji kwa ajili ya sifa za umati, na wako wanaotia maji kwa ajili ya sifa za mabaraza ya tuzo, wakafanya filamu nzito zisizo na uhai ili wasifiwe na wazito. Mnywaji hujua tu kwamba halina ladha, awe ametiliwa maji kwa sababu hii au ile.

Basi nilirudi darasani. Nilimwita msichana yule, nikasema mbele ya wote, "Swali lako ni la haki. Usiku nilisema kweli, na asubuhi yake nilimwambia mgeni uongo. Nisameheni." Darasa likanyamaza kabisa. Kisha yeye akauliza, "Lakini, mwalimu, filamu ile ni nzuri au ni mbaya?"

Nikawaambia wachukue madaftari, kila mmoja aandike mambo mawili: kilichomfurahisha, na kisichokuwa kweli. Wengine waliandika habari za risasi, wengine za helikopta. Msichana yule aliandika hivi: "Nilifurahi mateka waliporudi nyumbani. Lakini yule mwanamke aliyemsaidia alikufa, na sikuona mtu aliyekwenda kuwaambia wazazi wake."

Jioni nilimpelekea mzee daftari lile, nikamsomea. Aliniomba nimsomee mara ya pili.